Aliyelijengea Lundo Chumba

Waombolezaji wenzangu, mlioketi na mliobaki mmesimama kwa kukosa viti, familia imenichagua mimi niwasomee maisha ya mdogo wangu, kwa sababu wanasema mimi ni mkavu wa macho na sauti yangu inafika mbali bila kipaza sauti, na hilo la sauti ni kweli, hilo la macho mtajionea wenyewe. Mimi ni dada yake mkubwa, na karatasi hii tumeiandika jana mezani kwa wifi yangu, mjane wa marehemu, watu watano tukigombania kalamu moja, kwa hiyo mkisikia mahali nimetoka nje ya karatasi, mjue hapo nasema yangu, na wanafamilia wasinikonyeze.

Mdogo wangu alizaliwa Jumamosi, tarehe 9 Februari 1963, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, ambako baba yetu alikuwa fundi wa mashine, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto sita, na mama alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo mashine iliharibika, pakawa kimya kabisa, kilio chake kikasikika hadi barabarani, na mkunga aliyempokea akasema huyu mtoto ana mapafu ya kupigia tarumbeta. Mapafu, ndugu zangu, naomba mlishike hilo neno, kwa sababu tutalirudia.

Alianza darasa la kwanza Januari 1971, akamaliza la saba Novemba 1977, na kuhusu masomo ya darasani sitawadanganya mbele ya jeneza, hesabu zilimpiga chenga, ramani zilimpiga chenga, ila nyuma ya vyoo vya shule kulikuwa na shimo ambalo mwalimu wa kilimo alilijaza nyasi, majani na samadi ili yaoze yawe mbolea ya bustani, na kila mwanafunzi aliyechelewa alikabidhiwa jembe la meno aligeuze, adhabu iliyowatapisha wenzake, lakini yeye alipochelewa mara ya kwanza akasikia lile joto linalotoka ndani ya takataka, akashangaa nani amewasha moto humo, na tangu siku hiyo akawa anachelewa makusudi, mpaka mwalimu akamshtukia na kumpa adhabu ya kuwahi. Tulicheka sana nyumbani, na baba akasema kila mtoto ana ugonjwa wake.

Baada ya miaka michache ya kubeba magunia kinuni, tarehe 1 Julai 1982 aliajiriwa kuwa mfagiaji wa soko la mboga, kazi aliyoifanya kwa uaminifu hadi afya ilipomtoa, na siku zile majani ya nje ya kabichi, mashina ya mchicha na maganda ya kila namna yalirundikwa nyuma ya soko yakachomwa yakiwa mabichi, moshi ukiwatoa wanunuzi machozi, akamwendea msimamizi wa soko akaomba ayachukue yeye, msimamizi akacheka mpaka akashika meza, akamwambia, chukua, bwana, chukua na inzi wake. Ndipo akaanza kusukuma mkokoteni kila jioni, akapanga lundo lake la kwanza uani kwa baba, nyasi kavu chini, mabaki mabichi juu yake, samadi ya kuku, majivu kidogo, maji ya kulowesha tu, kisha nyasi tena, akaligeuza na kuligeuza, hadi likatoa kitu cheusi, laini, kinachopukutika mkononi, ambacho watu wa kilimo wanakiita mboji, na watu wa mtaani nao wakamwita yeye Mboji, jina lililomganda hata mimi niliyembeba mgongoni nikasahau kumwita lingine.

Kupima kwake kulikuwa kwa namna mbili, na hapa nasema polepole kwa sababu ndipo jambo letu lilipo. Alikuwa na kijiti kirefu alichokichomeka katikati ya lundo, akakiacha kidogo, akakichomoa na kukifumbata, kikiwa cha moto akajua lundo linafanya kazi, kikiwa baridi akaligeuza lipate hewa, na hilo halikumdhuru mtu. Namna ya pili ilikuwa pua, alichota konzi nzima, akaifikisha usoni kama anayetaka kunawa, akavuta pumzi hadi mabega yakapanda, ikinuka mkojo alisema bado, ikiwa haina harufu alisema imekufa, na ikinukia udongo uliopigwa na mvua ya kwanza alitabasamu akasema imeiva, na hakuna mgeni aliyekanyaga uani kwake asilazimishwe kunusa, hata padri, hata shehe, hata mtu aliyekuja kusoma mita ya maji.

Matunda ya kazi hiyo mnayajua kuliko mimi, kwa sababu mmeyala, mchicha wenye majani mapana mpaka mtu anauliza kama ni wa kupikwa au wa kujifunika, spinachi iliyokoza, mnavu usiojua kunyauka, vyote kwa mboji tupu bila mbolea ya chumvichumvi ya dukani, na mtaa mzima ukaanza kupanda mboga kwenye makopo, kwenye magunia, kwenye mabeseni yaliyotoboka, kwenye sinki la zamani la jirani yetu mshonaji, kila mtu akipata ndoo yake ya mboji kwa Mboji. Leo tangu asubuhi nimesikia kila anayekuja kutupa pole anazungumzia mchicha, na nimeitikia kwa adabu, lakini moyoni, nisameheni, kila mkiutaja nasikia kama mnanikanyaga kidonda.

Marehemu alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1988, na wifi yangu huyu mnayemwona ameegemea nguzo, wakati huo akiwa binti muuza mboga kwenye meza ya mwisho karibu na bomba, na uchumba wenyewe ulikuwa kichekesho, kwa sababu wanaume wengine walimpelekea sabuni na vitenge, huyu wetu alimfagilia meza yake kwanza kuliko zote na kumsifia majani anayoyatupa, akimwambia dada, sijaona mtu anayetupa majani mazuri kama wewe, na wifi yangu alituambia baadaye kwamba alimkubali ili apate kujua kama ana akili timamu. Mungu aliwajalia watoto watatu, kifungua mimba ambaye ni dereva wa lori na amefika jana akiwa na vumbi la safari, binti wa katikati aliyekaa hapa safu ya mbele, na kitinda mimba ambaye ni fundi ujenzi, na wajukuu wanne.

Sasa nafika mwaka 1999, mwaka wa mvua kubwa, ambapo lundo lilisombwa usiku mmoja likaingia uani kwa mshonaji, likapanda hadi kizingitini, na mama wa watu alipiga kelele zilizoamsha barabara mbili, na mdogo wangu baada ya kuomba radhi na kuzoa kila kitu kwa mikono yake, akaapa kwamba lundo lake halitanyeshewa tena, akanunua matofali na mabati, akalijengea chumba. Nasema chumba, sio kibanda, kuta nne, mlango wa mbao, paa lisilovuja, dirisha hakuna kwa sababu alisema upepo unalikausha, na kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu akakibandika kwenye ukuta wa chumba walicholala watoto, na mimi nilimwambia kwa mdomo huu, wewe mtu, watoto watatu wanalala kitanda kimoja halafu takataka zinapata chumba chao, akacheka, akasema, dada, subiri uone.

Na kweli tuliona. Msimu wa baridi ulipofika, joto la lundo lilipenya matofali, ukuta wa watoto ukawa wa vuguvugu kama tumbo la paka, watoto wakawa wanabandika hapo sare zao za shule zilizofuliwa jioni zikaamka zimekauka, wifi yangu akaanza kuweka hapo unga wa maandazi uumuke, mimi mwenyewe nikija na mgongo wangu nilipewa kigoda niuegemee, tukakaa tumejipanga pale ukutani tunapiga soga, tukisema jamani Mboji ametujengea jiko lisilo na kuni, na binti wa katikati, aliyekuwa mwembamba na mwepesi wa kusikia baridi, ndiye aliyepewa upande wa ukutani. Tulikuwa na furaha, nataka mjue hivyo, hakuna aliyeona ubaya, na chumba kile kila kilipofunguliwa lundo ligeuzwe, lilitoka vumbi jeupe jepesi, likatanda hewani, na sisi tukaliita moshi wa neema.

Maradhi yake yalianza mwaka 2012, na yalianza kwa ujanja, kila Jumamosi aligeuza lundo asubuhi, jioni homa ikampanda, mwili ukamtetemeka, kifua kikambana, na kesho yake asubuhi akaamka mzima kama si yeye, kwa hiyo tukasema malaria, akameza dawa za malaria miaka na miaka, kisha tukasema pumu, kisha tukasema kifua kikuu, akapimwa hana, kisha baadhi yenu mkasema ni jicho la watu wanaomwonea wivu mboga zake, na mimi siwataji ila mnajijua. Kufikia mwaka 2018 hakuweza kusukuma mkokoteni bila kusimama njiani mara kwa mara, akijifanya anasalimia watu, na watu wakamsifu kwamba amezidi ukarimu uzeeni.

Tarehe 12 Machi 2019 tulimpeleka kwa daktari wa mapafu, mwanamama mmoja mpole, ambaye ndiye wa kwanza kumwuliza anafanya kazi gani kabla ya kumwuliza anaumwa wapi, na mdogo wangu kwa furaha ya kuulizwa akatoa mfuko kwenye kapu, zawadi aliyomletea, konzi mbili za mboji iliyoiva, akamsogezea puani anuse, na yule mama alirudi nyuma na kiti chake, akamwita muuguzi autoe mfuko nje. Akatueleza kwa Kiswahili chepesi, kwamba mboga ni nzuri tule, mboji ni nzuri udongo uile, lakini lile vumbi jeupe ni ukungu, kama ule unaoota kwenye mkate uliokaa, na mtu anayelivuta miaka yote kwenye chumba kisicho na dirisha, na kulifuata kwa pua yake mwenyewe, mapafu yake yanaota makovu, makovu hayaponi, yaliyoharibika yameharibika, kinachoweza kuokolewa ni kilichobaki. Kwa hiyo lundo litoke nje penye hewa, liloweshwe kabla ya kugeuzwa, anayeligeuza azibe pua na mdomo, asinuse mtu tena, na yeye mwenyewe asilisogelee kabisa, na mdogo wangu akamwuliza, daktari, watu wanakufa kwa sumu, mimi nife kwa majani ya kabichi, akacheka, lakini kicheko chenyewe kilimkatikia njiani.

Alitii wiki chache, halafu akasema mvua zikiisha atakivunja chumba cha lundo, mvua zikaisha, akasema kuna lundo changa halijatulia, likatulia, akasema msimu wa baridi upite kwanza ili wajukuu wasikose joto. Nikachoka, nikaja na fundi na nyundo yake, nikamwambia leo ukuta unalala chini, akainuka kitandani, akatembea kwa kushika kuta hadi mlangoni kwa lundo, akasimama pale akihema, hawezi hata kusema, akamwonyesha fundi njia kwa mkono, na fundi akaniangalia mimi, akamwangalia yeye, akaweka nyundo begani akaenda zake. Mimi na mdogo wangu tulikaa miezi mingi tukisalimiana kwa mkato.

Kwa sababu mdogo wangu alikuwa hawezi tena na wifi yangu anahitaji mboga za meza yake, binti wa katikati akalichukua lundo, akaligeuza kwenye chumba kilekile, na kwa kuwa aliambiwa baba asilisogelee lundo, akaona afadhali ampelekee konzi kitandani, amnusishe, aseme bado au imeiva, na baba akamfundisha naye kunusa, wakawa wananusa wawili. Tulimwambia, kila mmoja kwa wakati wake, akatujibu kwamba hicho ndicho kitu pekee kinachomfanya baba aketi, na ilikuwa kweli, hakuketi kwa uji, hakuketi kwa dawa, aliketi kwa mboji. Hata tulipoazima mtungi wa oksijeni, mwezi Juni mwaka huu, mrija ukiwa puani usiku na mchana, akisikia hatua za binti yake alikuwa anautoa mrija kwa mkono wake, anauweka kando juu ya mto, ili apate kunusa.

Jumanne, tarehe 15 Oktoba 2024, saa tisa alasiri, binti alimletea konzi, akatoa mrija, akanusa, akanusa tena, akasema, halina harufu, lundo langu limekufa, na binti akamwambia, baba, linanukia, linanukia mvua kabisa, akatikisa kichwa, akalia, mtu mzima akalia kama mtoto aliyenyang'anywa, kwa sababu ilikuwa pua iliyokufa, sio lundo, na hakuna aliyeweza kumshawishi. Mrija tuliurudisha, haukusaidia kitu, na kabla jua halijazama mdogo wangu alikata roho, akiamini kwamba hakuacha chochote.

Sasa familia inatoa shukrani, na hizi ni za dhati. Tunamshukuru daktari wa mapafu na wauguzi wake, mlisema kweli, hatukusikia, na hamkutugombeza hata siku moja. Tunamshukuru jirani mshonaji, aliyemsamehe yale mafuriko, akamshonea barakoa kwa mabaki ya vitambaa, barakoa nzuri zenye maua, ambazo marehemu alizikata akafungia miche yake isilale, na mama huyu alipoziona bustanini aliangua kicheko, kisha akaenda kulia nyuma ya nyumba. Tunawashukuru majirani kwa viti, maji na kuni, na wenzake wa sokoni, mliofunga meza zenu leo, na mliokuja alfajiri mkisukuma mkokoteni wake umejaa majani ya kabichi badala ya maua, nimeelewa mlichotaka kusema, nimelia, na sasa nawaomba kwa heshima zote, rudini nayo.

Hapa karatasi imeisha, yanayobaki ni yangu. Leo asubuhi, jeneza likiwa sebuleni, nilikwenda uani nikakuta mlango wa kile chumba uko wazi na vumbi jeupe linatoka, na ndani binti wa katikati, na nguo zake za msiba, analigeuza, pua wazi, na nilipomwita alitoka nje akajikunja akikohoa hadi akashika ukuta, akaniambia, shangazi, baba alisema limekufa, nilitaka aone halijafa. Anakohoa tangu masika, mama yake anajua, kaka zake wanajua, anapata homa jioni anameza dawa za malaria, na nilipomwambia kitinda mimba, wewe ni fundi, chukua nyundo uvunje, aliinamisha kichwa, na wifi yangu akasema, wifi, ule ukuta bado una joto lake, niachie hata mwezi mmoja. Nawaomba nyinyi, basi, maana nyumbani nimeshindwa, huyu binti akiwaletea konzi ya mboji mnuse, msinuse, na msimwambie kwamba amemrithi baba yake, msimsifu, mkatalieni, ingawa najua hamtamkatalia, kwa sababu mboga ni nzuri na kesho mtarudi na ndoo zenu.

Mdogo wangu, lundo lako halijafa, lina moto, liko chumbani mwako, nimelishika kwa mkono wangu, lala na hilo moyoni. Pumzika, Mboji, pumzika penye hewa, na ukisikia mtu anakohoa hapa safu ya mbele, usigeuke.